Mama wa Nyumbani Tu

Mama Chiriku alishuka kitandani kwa mguu wa kushoto, akaweka kiganja ukutani, akangoja. Mguu wa kulia aliuacha hewani, kama kuku aliyesimama kwenye tope. Alijua kinachomsubiri. Hatua ya kwanza ni msumari, ya pili ni msumari, kisha msumari unachoka kidogo naye anapata kufika mlangoni. Pale ukutani, pembeni ya kitanda, chokaa ilikuwa imeshachafuka. Kiganja chake kilikuwa kimeacha alama nyeusi, vidole vyote vikionekana.

"Mama, unakuja?" binti yake aliuliza kutoka nje. "Au nikuletee toroli?"

"Jiletee adabu kwanza," mama akajibu. Akakanyaga, akauma mdomo.

Binti huyo ndiye Chiriku. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu alianza kusema kabla ya kuota meno na tangu hapo hakunyamaza. Basi wazazi nao wakawa Mama Chiriku na Baba Chiriku. Huko barabarani lakini, mama aliitwa Mama Mablanketi na baba aliitwa Dereva. Jina la Dereva lilikuwa limebaki peke yake, kazi yenyewe ilikuwa imekwenda zake. Macho yalimpungua nguvu, na siku moja mwenye basi akamwomba funguo, kwa upole kabisa, mbele ya abiria.

Kazi iliyowalisha ilikuwa ya mama. Mbele ya nyumba, kando ya barabara, palikuwa na bomba na hodhi la saruji lenye kina cha magoti. Humo ndimo alimofulia mablanketi ya watu. Blanketi zito halifuliwi kwa mikono. Likishalowa linalala kama ndama aliyekataa kuinuka. Alikuwa anapandisha sketi, anaifunga kiunoni, anaingia, anakanyaga. Alikuwa na mtindo wake. Kisigino cha kulia kilishuka kwa nguvu, kikazunguka palepale kama cha mtu anayezima kaa la moto, kisha kikainuka, na maji yakawa meusi. Chiriku alisuuza na kuanika. Kwenye kukanyaga hakufaa.

"Wewe una uzito wa unyoya," mama yake alimwambia. "Blanketi halikusikii."

Dereva kazi yake ilikuwa kukamua. Ila kukamua kulifanyika nyuma ya nyumba, kwenye kamba, ambako hapiti mtu. Mume alishika ncha hii, mke ncha ile, wakasokota huku na huku mpaka maji yakawamwagikia miguuni. Baada ya hapo Dereva alijifuta mikono, akavaa shati lake la zamani la kazi, lenye mifuko miwili kifuani, akavuka barabara kwenda kukaa kwa Pancha, fundi wa matairi, na kucheza drafti kama mtu aliye likizo.

Asubuhi hiyo alikuja matroni wa bweni la shule. Alimkuta Mama Chiriku anatoka mlangoni.

"Mbona unachechemea?"

"Nimejikwaa kidogo, Matroni."

"Hata mara iliyopita ulikuwa umejikwaa." Matroni alitazama hodhi, akatazama mguu. "Shule ikikaribia kufunguliwa nitaleta mablanketi ya bweni zima. Kama mguu unakusumbua niambie mapema. Kuna watu wana mashine siku hizi. Mashine haijikwai."

"Mguu hausumbui."

"Haya. Mimi nimesema."

Lile bweni ndilo lililokuwa likiwaweka mjini. Wateja wengine walileta blanketi moja moja, na wengine walilipa kwa maneno matamu. Matroni alipoondoka, Chiriku alitaka kusema kitu, akaona uso wa mama yake, akameza. Kwa Chiriku hilo lilikuwa jambo kubwa.

Dereva alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Mchana, wakiwa wamekaa kula, aliinuka akaenda kuchukua pesa za miwani. Ni mkewe aliyekuwa akizichanga kwa muda mrefu, ili mume arudi barabarani. Akaziweka mbele yake.

"Twende kwa daktari."

"Na miwani yako?"

"Miwani itangoja. Barabara haziendi popote."

Mama Chiriku aligeukia upande wa dirisha, akawa anafuta uso kwa ncha ya kanga huku akisema moshi wa jiko umezidi. Jiko lilikuwa limeshazimwa.

*

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka. Benchi la nje lilikuwa limejaa watu. Alikibonyeza kisigino kwa kidole gumba, na Mama Chiriku akashika shati la mumewe.

"Hapa?"

"Hapo hapo, daktari."

"Na asubuhi ndiyo mbaya zaidi."

"Asubuhi natamani ningekuwa na mabawa."

Daktari akatabasamu. "Chini ya wayo kuna utando mgumu, kama mkanda, unaotoka kisiginoni mpaka vidoleni. Wako umechoka, umevimba pale unaposhika mfupa. Vidonge umetumia?"

"Nimevimeza mpaka tumbo limevikataa."

"Na mazoezi ya kunyoosha mguu?"

"Nilifundishwa kwenye zahanati. Nayafanya kila siku."

"Unafanya kazi gani, mama?"

Mama Chiriku alifungua mdomo.

"Mama wa nyumbani tu," Dereva akasema.

Alisema upesi, kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambacho hakijafagiliwa. Hakuwa amepanga. Alikuwa amevaa lile shati lenye mifuko miwili, daktari alikuwa amemwita mzee kwa heshima, na hakuona aanzie wapi kusema kwamba mkewe hukanyaga mablanketi ya watu kando ya barabara na kwamba yeye hula kwa visigino hivyo. Mama Chiriku alimtazama. Dereva akatazama picha ya mifupa iliyobandikwa ukutani, ingawa kwa macho yake ilikuwa ukungu mtupu.

Mama Chiriku akafunga mdomo.

"Hiyo ni afadhali," daktari akasema. "Ingekuwa kazi ya kusimama na kutumia miguu ningesita. Basi nitakuchoma sindano ya steroidi, nitachanganya na ganzi. Lakini nisikilizeni wote wawili. Steroidi inazima moto, haijengi nyumba. Uvimbe utashuka, maumivu yatapungua, ila mkanda wenyewe unabaki dhaifu, na sasa hautakulalamikia. Kazi zako ndogondogo za nyumbani endelea nazo, polepole. Vaa viatu vyenye soli laini. Yakirudi maumivu, rudi kwangu. Sindano hii hairudiwi ovyo."

"Ikirudiwa?" Mama Chiriku akauliza.

"Nyama laini ya kisigino inakonda. Na mkanda unaweza kukatika."

Alikuwa ameshageuka kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Mama Chiriku alijiangalia nyayo. Zilikuwa nyeupe, zimejaa makunyanzi, kama nyayo za mtu aliyetolewa majini. Alizificha chini ya shuka, akatoa kisigino tu.

Sindano iliuma mpaka akamtaja marehemu mama yake. Halafu ganzi ikashika, na kisigino kikawa kama cha mtu mwingine.

Walirudi nyumbani taratibu, mke ameegemea bega la mume.

"Kazi zangu ndogondogo," mke akasema njiani.

"Amesema polepole tu."

"Nimemsikia."

 

*

Siku za mwanzo kisigino kiliwaka, akajuta kwenda. Kisha ikaja asubuhi ambayo alishuka kitandani akasahau kushika ukuta. Alikumbuka akiwa ameshafika mlangoni.

"Chiriku! Njoo uone mamako!"

Akatembea kutoka mlangoni hadi bombani, akarudi, akaenda tena. Majirani wakatoka kuangalia.

"Mama, kwa mwendo huo utaposwa upya," Chiriku akasema.

"Waje. Baba yako atapokea mahari."

Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Alivuka barabara akawasimulia wote waliokuwa kwa Pancha kuhusu sindano. Alisimulia kama mtu aliyeivumbua yeye.

"Nzuri," Pancha akasema, huku akisugua mpira kwa msasa. "Hata mimi nikijaza upepo tairi lenye msumari linasimama vizuri tu. Mpaka kona ya kwanza."

"Wewe huna ulimi mzuri."

"Nina gundi nzuri. Cheza, zamu yako."

Mama Chiriku alipumzika kwa muda, kisha wateja wa blanketi moja moja wakaanza kuuliza, naye akaingia kwenye hodhi. Hakuna aliyemwambia aingie. Hakuna aliyemwambia asiingie. Alikanyaga kwa raha, kisigino kinashuka, kinazunguka, kinainuka, na alipokuwa humo aliimba. Dereva alimsikia kutoka ng'ambo ya barabara akaona dunia imerudi mahali pake. Mara mojamoja alikumbuka ule uso wa mkewe kwa daktari. Basi alikuwa anaongeza sauti kwenye drafti.

Maumivu yalirudi kimyakimya, kama mgeni anayejua njia. Kwanza kwa asubuhi moja, kisha kila asubuhi. Kiganja kikarudi ukutani. Na wiki hiyohiyo gari la shule likasimama mbele ya nyumba, likamwaga mablanketi ya bweni mpaka mlango ukafunikwa.

"Shule inafunguliwa Jumatatu," matroni alisema dirishani. Hakushuka hata garini.

Chiriku alilizunguka lile lundo, akashika kiuno. "Mama, huu mlima hauupandi na mguu huo."

"Nitaupanda kidogokidogo."

"Kidogokidogo mpaka Jumatatu ipi?" Akageuka. "Baba si aingie yeye? Baba ana uzito. Blanketi litamsikia."

Dereva alikuwa anavaa shati. Akaacha vifungo.

"Niingie wapi?"

"Kwenye hodhi, Baba. Mama akae, akuelekeze."

"Mimi? Nipandishe suruali pale barabarani, Pancha na wenzake wanitazame ninavyorukaruka kwenye povu?"

"Mama anarukaruka wanamtazama. Wamezoea. Na wewe watakuzoea."

"Chiriku!" mama yake akakemea.

"Nimetoa pesa za miwani yangu," Dereva akasema. "Nimetoa macho yangu. Sasa mnataka na miguu?"

Mama Chiriku aliinama akaanza kutenganisha mablanketi ya mistari na yasiyo na mistari, kazi ambayo haikuwa na maana yoyote.

"Mwache baba yako," alisema mwishowe. "Nitachomwa sindano nyingine."

"Daktari alisema turudi kwake," Dereva akasema, bila nguvu.

"Tukirudi kwake atauliza imekuwaje, mama wa nyumbani tu kisigino kimeuma tena upesi hivi. Utamjibu nini?"

Hawakwenda kwa daktari. Walikwenda kwenye duka la dawa la karibu, ambako muuzaji alikuwa na pazia, na nyuma ya pazia alikuwa na kiti na vichupa. Watu walimsifu kwamba mkono wake ni mwepesi na hana maswali mengi.

"Ni dawa ileile ya hospitali," alisema, akichomoa sindano kutoka kwenye karatasi yake. "Tofauti ni foleni. Ya mwisho ulichomwa lini?"

Dereva alivuta pumzi. Mkewe akamtangulia.

"Zamani."

"Zamani sana?"

"Zamani."

Muuza dawa akaridhika, akachoma. Safari hii Dereva hakuwa na picha ya mifupa ya kutazama. Alitazama pazia.

*

Alfajiri ambayo Mama Chiriku aliingia kwenye hodhi kisigino kilikuwa kimya kabisa. Alikanyaga mpaka jua likawa juu. Chiriku alisuuza, Dereva alikamua nyuma, mkewe akitoka hodhini kila mara kumshikia ncha ya pili, kamba zikajaa. Watoto wa jirani walipita chini ya mablanketi kama wanapita kwenye hema. Ilikuwa siku nzuri, na baadaye ni uzuri huo uliomuuma Dereva kila alipoikumbuka.

Blanketi lililofuata lilikuwa la rangi ya kijivu, zito kuliko mengine. Mama Chiriku aliinua mguu wa kulia, akaushusha kwa nguvu, akazungusha kisigino. Kitu kikakatika. Yeye mwenyewe alisikia sauti, kama ya uzi mnene unapokatwa kwa meno. Alisimama akishangaa. Hata hakupiga kelele. Alikaa chini, taratibu, ndani ya maji, povu likamfika kifuani.

"Mama, umechoka?" Chiriku akauliza. Kisha akamwona uso. "Baba! Baba, njoo!"

Dereva alikuja mbio akitokea nyuma ya nyumba, mikono inadondosha maji, hana shati. Kwa Pancha drafti ilisimama. Aliingiza mikono kwenye hodhi akamwinua mkewe, na povu likamjaa kidevuni.

"Usinibebe barabarani hivi," mkewe akamnong'oneza. "Huna shati. Watu wanakutazama."

Hapo ndipo Dereva alipotaka ardhi ipasuke immeze.

*

Mguu ulikuwa umevimba, na katikati ya wayo kumetanda weusi kama wa biringanya. Daktari yuleyule aliushika, akabonyeza.

"Umekatika," alisema. "Mama, mkanda huu haukatiki kwa kufagia sebule. Ulikuwa unafanya nini?"

Mama Chiriku alimtazama mumewe. Hakumlaumu kwa macho. Alingoja tu, kama alivyongoja kila asubuhi pale ukutani.

"Anakanyaga mablanketi," Dereva akasema.

"Anafanya nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi watu waliacha mazungumzo yao. Dereva akarudia, kwa sauti.

"Anakanyaga mablanketi ya watu, kwenye hodhi, kutwa nzima. Ndiyo kazi yake. Ndiyo tunayokula. Nilikudanganya, daktari. Na juzi alichomwa nyingine dukani."

Daktari alitaka kukasirika. Alishafungua mdomo. Halafu akaugeuza mguu juu, akauona wayo wenyewe, ule weupe, yale makunyanzi, ngozi iliyolegea kwa kukaa majini. Akauangalia kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia mgonjwa yeyote siku hiyo.

"Nilikuwa nao mkononi mguu huu," alisema polepole. "Sikuugeuza."

Alimfunga plasta ngumu mpaka chini ya goti, akampa magongo. Dereva aliuliza kama mguu utarudi kama zamani.

"Atatembea. Wayo utabaki bapa kidogo, na akisimama sana utamuuma. Kwenye hodhi asirudi."

"Kwa muda gani?"

Daktari alimtazama. "Mzee, nimesema asirudi."

*

Matroni alikuja kabla ya Jumatatu, akakuta mama amekaa kwenye kigoda, mguu wa plasta uko juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akaamuru mablanketi yaliyofuliwa, pamoja na makavu ambayo hayakufuliwa, yarudishwe garini.

"Mimi nina wanafunzi, Mama Mablanketi. Wakija walale wapi?"

"Nakuelewa, Matroni."

"Nilikwambia uniambie mapema."

"Ulisema."

Yalibaki yaliyokuwa kwenye hodhi na kwenye mapipa ya kulowekea. Matroni aliyatazama, akakunja pua. "Haya yaliyolowa siwezi kuyapakia, yatamwaga maji barabara nzima. Nani atayamaliza?"

Chiriku alifungua mdomo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya baba yake.

"Mimi."

Alikuwa amesimama mlangoni, amekunja suruali mpaka magotini. Miguu yake ilikuwa myembamba na myeupe kwa kukosa jua. Alivuka uwanja mdogo akaingia kwenye hodhi. Maji yalikuwa baridi, akaruka kidogo. Ng'ambo ya barabara mtu akapiga mluzi.

"Dereva! Leo unaendesha gari gani?"

"Lina povu hilo! Angalia breki!"

Wakacheka. Dereva alihisi masikio yanawaka, akaangalia chini, akakanyaga. Pancha peke yake hakucheka. Alisema kitu kwa wenzake, na mmoja wao akarudi kwenye drafti.

"Usitumie vidole, Baba Chiriku," mkewe akasema kutoka kwenye kigoda. "Vidole havitoi uchafu. Kisigino."

"Hivi?"

"Kishushe. Sasa kizungushe. Hapana, unazunguka mwili mzima kama pia. Kisigino peke yake."

"Baba anacheza ngoma ya harusi," Chiriku akasema.

"Wewe suuza."

Alikanyaga. Blanketi la kwanza halijaisha jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni na magoti yanatetemeka. Alishika ukingo wa hodhi, akahema. Alilitazama lile rundo lililobaki kwenye mapipa, kisha akamtazama mkewe.

"Mbona hukuniambia ni kazi ya namna hii?"

"Ulikuwa unashika ncha ya pili kila siku. Nikadhani unajua."

Kukamua kulihitaji watu wawili. Chiriku alijaribu, lakini baba yake aliposokota, msichana naye akasokotwa, akaanguka, akacheka peke yake. Basi Mama Chiriku akasema wamletee ncha alipo. Aliishika akiwa amekaa, akaibana mapajani, na Dereva akasokota kutoka upande wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kukamua mbele ya nyumba. Maji yalimtiririka mama mikononi, yakalowesha gauni, yakakaribia plasta, naye akasogeza ndoo.

"Siku ile kwa daktari," Dereva akasema kwa sauti ndogo. "Nilipokatiza. Kwa nini hukunikosoa?"

Mkewe aliongeza mzunguko mmoja.

"Niliona unavyoona aibu. Nikasema mguu utapona, lakini mwanamume akiaibishwa mbele ya kijana yule, hilo litachukua muda. Nikakusitiri."

"Na mimi nilikuwa nakusitiri wewe."

"Hapana, Baba Chiriku," alisema, bila ukali wowote. "Ulikuwa unajisitiri kwa mguu wangu."

Blanketi lilikuwa halina maji tena. Waliendelea kulisokota.

*

Waliyamaliza yaliyolowa. Matroni aliyachukua, akalipa, akashukuru, na hakuleta mengine. Wateja wa blanketi moja moja waliendelea kuja. Baadhi walikuja hasa kumwona Dereva akikanyaga, kisha wakazoea, kama Chiriku alivyosema. Lile shati lenye mifuko miwili lilitundikwa kwenye msumari likashika vumbi. Plasta ilipotolewa, Mama Chiriku alitembea, mguu mmoja ukitua wote kwa pamoja kama kibao. Alijifunza kukaa karibu na hodhi na kuelekeza. Kuimba hakuimba tena. Dereva alimwomba aimbe, mara moja, mkewe akasema wimbo ulikuwa unakuja wenyewe na miguu.

Ikafika asubuhi moja Dereva akaamka kabla yake. Alishusha miguu sakafuni, akasimama, na kitu kikamchoma kisiginoni mpaka akakatika pumzi. Aliunyanyua mguu. Mkono ukatafuta mahali pa kushika, ukaangukia ukutani, kwenye ile alama nyeusi ya kiganja. Vidole vyake vilikuwa virefu zaidi, vikapita nje kidogo ya vile vya mkewe.

Mama Chiriku alikuwa macho. Alimtazama kutoka kitandani amesimama kwa mguu mmoja.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa?" Dereva akauliza, bila kugeuka.

"Kanyaga kwanza," mkewe akasema.

Akakanyaga. Akashika ukuta kwa mikono yote miwili.

"Hivi?"

"Bado," Mama Chiriku akasema. "Hapo bado kidogo."